Dawa ya saratani ya titi hupikwa ndani ya ini: tusimfiche daktari habbat sauda



Juma hili ukurasa wetu wa familia unafungua kabati la dawa la nyumbani. Katika nyumba nyingi za Waislamu, kuanzia Moshi mjini hadi vijiji vya Kibosho vilivyopanda mlimani, chupa ya mafuta ya habbat sauda haikosekani. Na katika baadhi ya nyumba hizo, kando ya chupa hiyo, siku hizi ipo pia pakiti ya vidonge viitwavyo tamoksifeni, ambavyo mama, dada au shangazi ameandikiwa baada ya kutibiwa saratani ya titi. Asubuhi humeza kidonge kwa maji, kisha hunywa kijiko cha mafuta kwa bismillahi. Siku ya kliniki akiulizwa anatumia dawa gani nyingine, hujibu kuwa hakuna. Hana nia ya kudanganya. Kwake yeye habbat sauda haihesabiwi miongoni mwa dawa za kuandikwa kwenye faili. Ni baraka ya nyumbani.

Makala hii inaeleza kwa nini jibu hilo linaweza kumgharimu. Kidonge cha tamoksifeni, kama zilivyo dawa kadhaa za saratani, kinapomezwa bado hakijakamilika. Mwili ndio unaokimalizia. Wapishi wa kazi hiyo huitwa vimeng'enya, na wapishi hao wanaweza kusaidiwa, kucheleweshwa au kuzuiwa na vitu vingine tunavyokula, kunywa na kumeza. Asiyejua habari hii hudhani kuwa dawa ya hospitali na dawa ya nyumbani zinapita njia mbili zisizokutana. Ukweli ni kwamba zote huingia jiko moja.

Ndizi mbichi na ndizi mbivu

Mtu wa Kibosho hahitaji maabara ili aone kimeng'enya kikifanya kazi. Mkungu wa ndizi ukikatwa kihambani ungali mbichi, ndizi zake ni ngumu na zimejaa wanga. Ufunike kwa majani makavu siku chache, nazo hulainika na kuwa tamu, wala hakuna aliyetia sukari. Kilichotokea ni kwamba ndani ya ndizi mna vimeng'enya vilivyouvunja wanga vikaugeuza kuwa sukari.

Kimeng'enya, basi, ni protini inayoharakisha badiliko la kitu kimoja kuwa kingine, bila yenyewe kuisha. Mwilini mwa binadamu mna maelfu ya vimeng'enya, na kila kimoja kimepewa kazi yake. Vingine huvunja chakula, vingine hujenga mifupa na damu, vingine huunda homoni, na vingine huondoa sumu. Mabadiliko hayo yote kwa pamoja ndiyo yanayoitwa umetaboli. Subhanallah, kazi hiyo huendelea usiku na mchana pasipo sisi kuihisi.

Saratani nayo haina jiko lake la peke yake. Hutumia vimeng'enya vilevile vya mwili, na dawa zinazopambana nayo hupita mikononi mwa vimeng'enya hivyohivyo. Tuanze na kile kinachoweza kuilisha.

Kimeng'enya kinachotengeneza ufunguo

Titi la mwanamke hukua na kubadilika kwa amri ya homoni, hususan estrojeni. Seli za titi zina vipokezi, mfano wa vitasa vya mlango, na estrojeni ndiyo ufunguo. Baadhi ya seli za saratani hubaki na vitasa hivyo, tena kwa wingi. Kila ufunguo unapoingia, seli huamriwa kugawanyika. Hii ndiyo saratani ambayo madaktari huiita yenye vipokezi vya homoni. Ipo nyingine isiyo na vitasa hivyo, na kwa hiyo dawa za homoni haziigusi. Huhitaji tiba ya namna nyingine. Wanawake wa Kiafrika hupatwa na aina hii ya pili kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wa Ulaya, na wengi huugua wakiwa bado na umri mdogo.

Hivyo basi, kinyama kinapochukuliwa kwenye uvimbe na kupelekwa kupimwa, jibu lisiishie kwenye neno "saratani". Familia ina haki ya kuuliza: je, vipokezi vya homoni vimepimwa, na matokeo ni yapi? Tiba ya miaka mingi hutegemea jibu hilo moja.

Estrojeni yenyewe hutoka wapi? Kabla ya hedhi kukoma, kiwanda chake kikuu ni ovari. Baada ya hedhi kukoma, ovari hupumzika, lakini estrojeni haitoweki. Kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilichomo kwenye mafuta ya mwili, kwenye misuli na hata ndani ya titi lenyewe, huchukua homoni za aina ya androjeni, ambazo sehemu yake kubwa hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, na kuzigeuza kuwa estrojeni. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyekoma hedhi huendelea kutengenezewa ufunguo na mafuta yake mwenyewe. Hii ni sababu mojawapo inayofanya unene wa kupindukia baada ya umri huo uongeze hatari ya saratani ya titi. Katika jamii zetu, ambamo unene wa mama huhesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa vyema na mumewe, jambo hili linafaa kufikiriwa.

Kwa kukijua kimeng'enya hicho, wanasayansi waliunda dawa za kukifunga mikono: anastrozoli, letrozoli na eksemestani. Dawa hizi huwafaa sana wanawake waliokwisha koma hedhi. Anayeendelea kupata hedhi hawezi kuzitegemea peke yake, kwa sababu ovari zake zitaendelea na kazi; kwake, daktari huanza kwa kuzituliza ovari au humpa tamoksifeni. Dawa za aina hii pia huweza kuidhoofisha mifupa na kuleta maumivu ya viungo. Mgonjwa aseme anapoyapata, asiache dawa kimyakimya.

Kidonge kinachosubiri kuamshwa

Tamoksifeni yenyewe iliundwa mwaka 1962 katika maabara za kampuni ya ICI nchini Uingereza, kwa mkono wa mkemia Dora Richardson, wakati kampuni hiyo ikitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo haikufaa. Lakini ilionekana kuwa inaweza kukaa ndani ya kitasa cha estrojeni na kuuzuia ufunguo halisi usiingie, na mwaka 1973 ikaruhusiwa nchini humo kutibu saratani ya titi. Leo ni miongoni mwa dawa muhimu zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa mwanamke mwenye saratani yenye vipokezi vya homoni, kuimeza kila siku kwa miaka 5 hupunguza uwezekano wa kufa kwa ugonjwa huo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba kuendelea hadi miaka 10 huongeza kinga hiyo kwa wanawake wengi.

Hata hivyo, tamoksifeni inapoingia mwilini nguvu yake bado ni ndogo. Hufika kwenye ini, na humo vimeng'enya huibadilisha hatua kwa hatua hadi kupatikana kitu kiitwacho endoksifeni. Endoksifeni ndiyo inayoshika kitasa barabara. Makadirio ya uwezo wake hufika hadi mara 100 ya tamoksifeni yenyewe. Na kimeng'enya muhimu kuliko vyote katika mapishi hayo wanasayansi wamekipa jina la herufi na tarakimu: CYP2D6. Mama anapomeza kidonge chake, kimeng'enya hiki ndicho kinachoamua ni kiasi gani cha kidonge hicho kitakuwa dawa kamili.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa Afrika kwa namna ya pekee. Wapishi hawa hawana kasi sawa kwa watu wote. Maelekezo ya kukiunda kimeng'enya hutoka kwenye vinasaba tulivyorithi kwa baba na mama, na maelekezo hayo hutofautiana kidogo kutoka kabila hadi kabila na kutoka mtu hadi mtu. Mwaka 1996 mtafiti wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, na wenzake walitangaza aina ya kinasaba cha kimeng'enya hiki ambayo huonekana kwa wingi kwa Waafrika weusi na ambayo hufanya kazi polepole. Iliitwa aina ya 17. Mwaka 1999 watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa Watanzania. Nao walikuta kuwa uwezo wa kimeng'enya hiki kwa Watanzania uko chini ukilinganishwa na uliozoeleka kwa Wazungu.

Waethiopia wana habari tofauti. Utafiti wa mwaka 1996 ulikuta kuwa takriban asilimia 29 ya waliopimwa walibeba nakala za ziada za kinasaba hicho, hivyo jiko lao huwaka kwa kasi kubwa mno. Ngozi moja na bara moja, lakini mapishi mbalimbali. Na mwaka 2023 watafiti wa Zimbabwe walichapisha matokeo ya kuwapa tamoksifeni watu wenye afya njema: waliorithi aina ya 17 walitengeneza endoksifeni kidogo kuliko wenzao.

Je, kila mgonjwa apimwe vinasaba kabla ya kuanza dawa? Wataalamu wamegawanyika. Baadhi ya miongozo ya kimataifa inashauri kwamba mgonjwa ambaye tayari inajulikana kuwa kimeng'enya chake hakifanyi kazi apewe dawa ya aina nyingine, au dozi kubwa zaidi chini ya uangalizi. Wengine wanasema ushahidi wa kwamba kipimo hicho huokoa maisha hautoshi kukilazimisha kwa watu wote, kwani tafiti zimetoa majibu yanayopingana. Ndugu msomaji, chukua mambo mawili hapa. La kwanza, asiwepo mtu atakayesoma habari hii akaacha dawa kwa kudhani kuwa kwa sisi Waafrika haifanyi kazi; inafanya kazi, na kuiacha ni kukiacha kitasa wazi. La pili, ikiwa baadhi yetu tumerithi mpishi wa polepole, basi tuna sababu kubwa zaidi ya kutomwekea mpishi huyo vikwazo vingine.

Vitu vinavyomzuia mpishi

Vikwazo hivyo ni vipi? Kwanza, kuna dawa za hospitali zenyewe. Fluoksetini na paroksetini, ambazo hutolewa kwa wenye sonona, hukizuia kwa nguvu kimeng'enya cha CYP2D6. Mgonjwa wa saratani anaweza kuandikiwa dawa za jamii hii kwa huzuni iliyomwelemea, au hata kwa ajili ya joto la ghafla na majasho yanayoletwa na tamoksifeni. Zipo nyingine za kusudi hilohilo, kama venlafaksini, ambazo hazikisumbui sana kimeng'enya hicho. Terbinafini, kidonge cha fangasi wa kucha na ngozi ambacho watu hujinunulia dukani, nacho hukizuia. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huchochea vimeng'enya vingine viiondoe dawa mwilini upesi, hata endoksifeni ikapungua sana. Mgonjwa wa kifua kikuu asiiache tiba hiyo kamwe, lakini madaktari wake wawili lazima wajuane.

Pili, kuna vitu vya nyumbani. Mwaka 2019 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliwapa wanawake waliokuwa wakitumia tamoksifeni vidonge vya kiini cha manjano pamoja na kiini cha pilipili manga. Endoksifeni kwenye damu yao ilipungua kwa takriban asilimia 12. Hapa hatuzungumzii bizari inayotiwa kwenye pilau. Tunazungumzia vidonge vyenye dozi kubwa, vinavyouzwa kama dawa.

Na habbat sauda? Mwaka 2010 watafiti wa Riyadh, Saudi Arabia, walichapisha uchunguzi wao juu ya mbegu hiyo. Waliijaribu kwenye sehemu za seli za ini katika maabara, kisha wakawapa watu wachache wenye afya njema kwa siku kadhaa, na kupima jinsi miili yao ilivyoshughulikia dawa moja ya kikohozi ambayo hupitia CYP2D6. Ilionekana kuwa habbat sauda ilikizuia kimeng'enya hicho, pamoja na kingine kiitwacho CYP3A4 ambacho nacho hushiriki katika kuibadilisha tamoksifeni.

Tuwe waadilifu katika kuyasoma matokeo hayo. Waliopimwa walikuwa wachache, na dawa iliyopimwa haikuwa tamoksifeni. Uchunguzi huo hausemi kuwa habbat sauda imemdhuru mgonjwa yeyote wa saratani. Unachosema ni kwamba mbegu hii ina nguvu ya kuligusa jiko lilelile ambamo dawa ya mama hupikwa. Kwa mwenye busara, hiyo ni sababu tosha ya kutoitumia kimyakimya.

Huenda mtu akakereka na kuuliza: vipi Muislamu aitilie shaka habbat sauda, ilhali Mtume (s.a.w.) ameisifu? Hakuna anayeitilia shaka. Sisi tunaoamini kuwa ndani yake mna shifaa ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kukubali kuwa ina nguvu, na chenye nguvu hutumiwa kwa elimu. Maji ya moto hupika na huunguza. Asali ni shifaa, na bado mwenye kisukari huitumia kwa kipimo. Mtume (s.a.w.) huyohuyo alihimiza watu wajitibu, na tumeelekezwa kuwauliza wenye kujua katika yale tusiyoyajua. Kumwambia daktari au mfamasia, "Ninatumia kijiko cha mafuta ya habbat sauda asubuhi na jioni," ni katika kutekeleza maelekezo hayo. Chembe chache zilizonyunyizwa juu ya mkate hazilingani na vijiko vya mafuta au vidonge vya kila siku. Kwa anayetumia tamoksifeni, hivyo vya dozi kubwa visubiri hadi daktari aseme neno.

Kanuni hiyohiyo itumike kwa majani, magome na unga wa mitishamba unaouzwa sokoni na kwenye mabasi, ambao muuzaji hutaja magonjwa kumi na mawili unaoyaponya pasipo kutaja umechanganywa na nini.

Dawa za dripu nazo hupitia humohumo

Mgonjwa akipewa tiba ya kemikali, vimeng'enya vingali kazini. Saiklofosfamidi, dawa inayotumika sana kwa saratani ya titi, huingia mwilini ikiwa imelala. Ini ndilo linaloiamsha. Kapesitabini, ambayo ni ya vidonge, hubadilishwa hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho hufanyika zaidi ndani ya uvimbe wenyewe, ndipo hugeuka kuwa sumu ya kuua seli za saratani. Kisha kimeng'enya kingine, kifupi chake DPD, huivunja sumu hiyo ili isikae mwilini muda mrefu. Watu wachache wamezaliwa na DPD dhaifu. Kwa hao, dozi ya kawaida hugeuka kuwa kubwa mno: vidonda vikali vya mdomo, kuharisha kusikokoma, homa, na kushuka kwa seli nyeupe za damu.

Kwa hiyo, mgonjwa anayepata dalili hizo katika siku za mwanzo za kapesitabini asiambiwe avumilie kwa kuwa dawa ya saratani ni kali. Aache kumeza kidonge kinachofuata hadi awasiliane na daktari, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua ya masika imeharibu barabara ya kushuka mjini. Homa kwa anayepata tiba ya kemikali ni dharura.

Msimnyime ndizi zake

Kuna ushauri mwingine unaozunguka kwenye simu zetu: kwamba saratani hula sukari, basi mgonjwa anyimwe wanga wote. Katika nyumba za Kibosho maana yake ni kumnyima mtori, kiburu na ndizi za kuchemsha, yaani chakula chenyewe.

Ushauri huo umejengwa juu ya ukweli ulionyofolewa nusu. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, aligundua kuwa seli za saratani hutumia glukosi kwa pupa kuliko seli za kawaida. Sasa tunajua kuwa baadhi ya vimeng'enya vya kuchakata sukari, kama heksokinasi, huongezeka ndani ya seli hizo. Lakini damu ya binadamu haikosi sukari kwa sababu sahani imekosa ndizi. Wanga ukipungua, ini hutengeneza glukosi kutokana na vitu vingine, ikiwemo misuli ya mgonjwa mwenyewe. Saratani haifi njaa. Anayekonda ni mama. Na mama aliyekonda hushindwa kustahimili tiba, dripu zake huahirishwa, na ugonjwa hupata nafasi.

Soda na vitu vya sukari tupu vipunguzwe kwa kila mtu nyumbani, mgonjwa na mzima. Mtori wenye nyama, maharage, mboga za majani, maziwa, mayai na parachichi la kihambani ni chakula chema kwake.

Kidonge na mfungo wa Ramadhani

Swali la Ramadhani halikosekani. Tamoksifeni kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, na hukaa mwilini muda mrefu. Mama ambaye daktari amemruhusu kufunga anaweza kuimeza wakati wa futari au daku, ili mradi achague saa moja na kuishika kila siku. Anayeendelea na tiba ya kemikali, anayetapika au aliyedhoofika ni mgonjwa, na sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Azungumze na daktari wake, kisha na sheikh wake, wala asiione ruhusa hiyo kuwa ni upungufu wa imani.

Njia ya kushuka mlimani

Wanawake wengi nchini mwetu hufika hospitali saratani ikiwa imeshafika hatua ya tatu au ya nne. Sababu ni nyingi: nauli, woga, na mara nyingine stara iliyoeleweka vibaya, hadi mke akamficha mumewe uvimbe kwa miezi. Stara hailindwi kwa kufa nao. Mgonjwa anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi au daktari wa kike, au awe na ndugu yake chumbani.

Kwa watu wa Kibosho njia ipo. Mwanamke anayehisi uvimbe titini au kwapani, ngozi ya titi iliyovutika, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, aanzie Hospitali ya Kibosho au kituo cha afya kilicho karibu, au ashuke hadi Hospitali ya Mawenzi mjini Moshi. KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ina kituo chake cha tiba ya saratani tangu mwaka 2016. Hii imewapunguzia wagonjwa wa Kaskazini safari ambazo zamani ziliwalazimu kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hata kwa dripu peke yake.

Siku ya kliniki, wanaume, msimwachie mama aende peke yake. Chukueni mfuko mmoja, tieni ndani kila anachotumia: vidonge vya presha, dawa za kisukari, chupa ya habbat sauda, unga wa mitishamba, vidonge vya manjano, hata kile alicholetewa na jamaa kutoka Oman. Viwekeni vyote juu ya meza ya daktari au mfamasia. Kisha muulize maswali manne:

Je, saratani hii ina vipokezi vya homoni?

Dawa hii itatumika kwa miaka mingapi?

Kipi katika mfuko huu kinagombana nayo?

Ni dalili gani zikitokea turudi haraka?

Kwa anayetumia tamoksifeni, jibu la swali la mwisho lijulikane mapema: kutokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla ni mambo ya kuripotiwa mara moja. Na asishike mimba akiwa kwenye dawa hiyo.

Miaka 5 ni mirefu. Kidonge cha siku ya 1,000 humezwa na mtu ambaye hana maumivu, ambaye majirani wameshasahau kuwa aliwahi kuugua, na ambaye nauli ya kuifuata dawa inashindana na ada ya shule. Wengi huacha hapo. Familia ndiyo inayoweza kumshika mkono: mtoto amkumbushe, mume atenge nauli, na mabinti wamuulize bila ya kumhukumu kama kuna kitu kipya anachokitumia. Mgonjwa anayeogopa kusemwa huficha, na kinachofichwa ndicho kinachomzuia mpishi asimalize kazi yake.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na azipe familia zetu subira ya kuwauguza.

Wabillahi tawfiq.